Namba juu ya mstari: Je, mtu husema uongo bila kufungua mdomo?

SIFA zote njema ni za Allah (SW), aliyeinua mbingu na akaweka mizani ili waja wasidhulumiane katika kupima. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ambaye hata waliompinga walikuwa wakiweka amana zao kwake.

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tulitazame swali ambalo nimewafundisha vijana jibu lake kwa miaka kadhaa, kabla mimi mwenyewe sijatahiniwa. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu anaweza kusema uongo bila kufungua mdomo? Na kama anaweza, je, uongo huo unabaki kuwa uongo hata kama umefanywa kwa ajili ya msikiti?

Darasani jibu ni jepesi. Mwanafunzi wa kidato cha pili atanyoosha mkono na kusema ndiyo, uongo ni uongo, na atapata alama zake. Mimi nilikutana na swali hili nje ya darasa, mbele ya kompyuta, nikiwa najifunza kuchora ramani za majengo. Na nilianguka. Najua tumekatazwa kuanika dhambi ambazo Mola ametusitiria, lakini hili lilikwishajulikana na kamati nzima, fundi na jirani. Kwa hiyo hakuna siri ninayoifichua, na naona ni haki wengine wafaidike na somo ambalo mimi nimelilipia.

Ilivyoanza

Mwishoni mwa mwaka 2022 kamati ya msikiti wa mtaani kwetu iliamua kujenga vyoo na mahali pa kutawadhia kwa ajili ya akina mama. Mpaka wakati huo walikuwa wakitawadha majumbani mwao. Udhu ukimtenguka mmoja wao kati ya Magharibi na Isha, ilimlazimu kurudi nyumbani, na mara nyingi jamaa ya Isha ilimpita. Shida ilikuwa ya kweli, na nia ya kuiondoa ilikuwa ya kweli. Muumini mmoja aliahidi kutoa saruji na mabati, ila akataka aone ramani kwanza. Mchoraji tuliyemwendea alitaja ujira ambao sanduku letu la Ijumaa lisingeuweza. Kwa kuwa katika kamati ile mimi ndiye niliyepita chuo kikuu, macho yote yalinigeukia. Nikasema nitajifunza.

Aliyenifundisha ni kijana ambaye mimi nilimsomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, kisha yeye akaenda chuo cha ufundi. Mambo yakageuka, yeye akawa mwalimu na mimi mwanafunzi, ingawa hadi siku ya mwisho aliendelea kuniita Mwalimu na kunipa kiti kizuri.

Suala la kwanza lilikuwa programu ya kuchorea. Inayojulikana zaidi ni AutoCAD, ambayo kampuni ya Autodesk ya Marekani ilianza kuitoa mwaka 1982. Leseni yake ni ghali, na si vigumu kumpata mtu wa kukuwekea nakala ya wizi kwa bei ya chakula cha mchana. Nilikataa. Nilimkumbusha kijana wangu kwamba Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za watunzi na wagunduzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuziingilia. Tukatumia LibreCAD, ambayo wenyewe wanaitoa bure kwa ridhaa yao. Nilijiona nimeanza vizuri, kwamba hii ni ramani ya msikiti na hata chombo cha kuichorea ni cha halali.

Naomba msomaji aishike fahari yangu hiyo, maana tutairudia.

Mstari unaojua urefu wake

Nilidhani kuchora kwa kompyuta ni kuvuta mistari kwa mausi mpaka ipendeze. Sivyo. Kwenye karatasi unaanza kwa kuchagua skeli, unapunguza kila kitu, na penseli yako ina unene wake. Kwenye kompyuta unachora kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita tatu unauchora milimita 3000 kamili. Skeli utaihitaji wakati wa kuchapa tu, utakapoamua mita moja ya ardhini iwe sentimita moja ya karatasi, ambayo ndiyo 1:100.

Wala hukisii. Unaanzia nukta moja, tuseme kona ya chini kushoto, ambayo ni 0,0. Kisha unaandika @3000,0 na mstari unakwenda kulia milimita 3000, haupandi wala haushuki. Ukiandika @2400<90 unakwenda milimita 2400 kwa pembe ya nyuzi 90, yaani juu moja kwa moja. Siku ya kwanza nilichora chumba kimoja kwa saa nzima. Siku ya nne nilikichora kabla chai haijapoa.

Somo la pili lilinishangaza zaidi. Nilichora kuta mbili zikakutana pembeni, nikaridhika. Kijana akakuza ile kona kwenye skrini mara nyingi sana, na pale nilipoona kona nikaona mwanya. Mistari ilikuwa haijagusana. Akaniambia: “Mwalimu, jicho lako limeridhika, hesabu haijaridhika.” Akanionesha namna ya kuiamuru programu inase ncha yenyewe ya mstari, isiache kazi hiyo kwa mkono wala jicho.

Nilipokuwa narudi nyumbani nikamkumbuka Abul-Wafa al-Buzjani, mwanahesabu Mwislamu aliyefariki mwaka 998. Aliandika kitabu mahsusi juu ya yale ambayo fundi anayahitaji katika handasa, neno ambalo ndilo limetupa mhandisi. Humo anasimulia kikao cha mafundi na wanahesabu waliojadili namna ya kukata miraba mitatu iliyo sawa na kuiunga iwe mraba mmoja. Mafundi walikuwa na mikato ambayo ukiitazama inapendeza na inaonekana sahihi. Ilipoletewa hoja ya hesabu, ikadhihirika kuwa si sahihi. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na bado jicho linaridhika mapema.

Somo la tatu ndilo lililoniingiza mtegoni. Ni kuweka vipimo. Unapoweka kipimo katika programu hizi huandiki namba. Unagusa ncha mbili za mstari, na programu inapima yenyewe na kuandika ilichokiona. Ukiurefusha mstari, ukapima tena, namba inabadilika. Kwa hiyo namba ile ni shahidi wa mstari. Lakini upo mlango. Unaweza kuifungua namba na kuandika juu yake chochote utakacho. Programu haibishi. Itaonesha ulichoandika wewe, na mstari utabaki na urefu wake ule ule. Mlango huo una matumizi yake ya halali, kwa mfano kuongeza maneno ya maelezo mbele ya kipimo. Kijana wangu aliponionesha aliniusia hivi: “Hapa, Mwalimu, usipazoee. Ukiona namba haikufai, rekebisha mstari. Usirekebishe namba.”

Nililiandika neno lake kwenye daftari. Wiki tatu baadaye nikalivunja.

Milimita 350

Kati ya ukuta wa nyuma wa msikiti na mawe ya mpaka tulipima kwa futikamba tukapata mita 4 na sentimita 20, yaani milimita 4200. Upande wa pili wa mpaka anaishi mama mmoja mjane, mtu mzima, na kati yetu na yeye kuna ua wa michongoma aliouotesha marehemu mumewe. Ua umenenepa mpaka umeyafunika mawe.

Nilichora vyoo nilivyoona vinafaa. Ukuta wa nje milimita 150, chumba cha choo 1500, ukuta wa kati 150, ujia 1200, sehemu ya kutawadhia 1400, na ukuta wa mwisho 150. Jumla 4550. Zilizidi milimita 350.

Usiku ule nilikuwa nimechoka. Ramadhani ya mwaka 1444, ambayo ingeanza Machi 2023, ilikuwa inakaribia. Mwenyekiti alikuwa ameshatangaza baada ya swala ya Ijumaa kuwa ramani itakuwa tayari kesho. Nikausogeza mstari wa mpaka milimita 350 upande wa jirani ili jengo likae ndani. Kipimo cha jumla kikasoma 4550. Nikakifungua, nikaandika 4200, nikachapa.

Kwenye karatasi ya 1:100 milimita 350 ni milimita tatu na nusu. Hakuna aliyeziona. Kamati iliipitisha ramani kwa takbira, mfadhili akafurahi, na mimi nikaombewa dua.

Fundi mwashi ndiye aliyeiona. Ni mtu ambaye hakuvuka darasa la saba. Lakini fundi hajengi namba ya jumla, anajenga vyumba. Alifunga kamba, akapigilia vigingi kwa kufuata vipimo vya ndani, na vigingi viwili vya mwisho vikaingia katikati ya michongoma. Akaja na daftari lake mbele ya wazee. “Ustadh, hizi za ndani nimezijumlisha mara tatu, napata elfu nne mia tano hamsini. Hii ya juu umeandika elfu nne mia mbili. Nifuate ipi?”

Nikamjibu: “Hapo kompyuta imekosea. Fuata za vyumba.”

Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Nani asiyejua kuwa kompyuta hukosea? Lakini kompyuta ile haikukosea hata kidogo. Ilikuwa inajua 4550 tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeinyamazisha. Sasa nilikuwa nimeongeza uongo wa ulimi juu ya ule wa mkono, na nikamtwika kitu ambacho hakiwezi kujitetea.

Usiku nilifungua mchoro, nikaifuta ile 4200 niliyoiandika. Mara ile ile 4550 ikarudi mahali pake. Ilikuwa chini muda wote. Nilikaa nikaitazama, na nikaikumbuka ile aya ya Suratul Kahf juu ya kitabu kitakachowekwa Siku ya Kiyama, ambacho waovu watakistaajabia kwa kuwa hakikuacha dogo wala kubwa. Nimeisomesha aya hiyo mara nyingi. Sikupata kuifahamu kama nilivyoifahamu usiku ule.

Nyudhuru tatu

Asubuhi yake nilimweleza mwenyekiti, na baada ya Isha kamati ikakaa. Nataka kuzitaja nyudhuru zilizosemwa, kwa sababu nyingi nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe kabla hawajazisema wao, na naamini kila msomaji ameshazisikia mahali fulani.

Udhuru wa kwanza ni wa nia. Mzee mmoja alisema matendo huhesabiwa kwa nia, na nia yetu ni swala za mama zetu. Hadithi hiyo ni sahihi na ndiyo ya kwanza katika Bukhari. Lakini tunaitumia kinyume chake. Imam Ghazali katika Ihya, anapoizungumzia nia, amelibainisha hili wazi: nia njema huigeuza mubaha ikawa ibada, lakini haiigeuzi maasi yakawa utii. Na mifano aliyoitoa ni pamoja na mtu anayejenga madrasa au msikiti kwa mali ya haramu huku akikusudia kheri. Huyo, anasema, ni jahili, na nia yake haimtoi katika dhulma. Niliposoma maneno hayo chuoni niliyapigia mstari kwa penseli. Nilidhani yanawahusu matajiri na fedha zao. Sikujua kuwa mali ya haramu inaweza kuwa milimita 350 za ua wa michongoma.

Udhuru wa pili ni wa udogo. Sentimita 35 ni kitu gani? Ni shibiri moja na nusu ya mkono wangu. Na hapa ndipo penye tisho, kwani Mtume (SAW) alipotaka kutupa kipimo cha dhulma ya ardhi hakutaja ekari, alitaja shibiri. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ametufahamisha kwamba anayechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni kiasi hicho kutoka ardhi saba. Aliyeipokea ni Said bin Zayd (RA), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na aliitaja aliposhitakiwa na mwanamke kwamba amechukua sehemu ya ardhi yake. Aliona ajabu kudhaniwa kuwa angelifanya hilo baada ya kuisikia hadithi hiyo kwa Mtume. Mimi niliisikia, nikaifundisha, nikaitungia swali la mtihani, kisha nikalifanya.

Udhuru wa tatu ulikuwa wangu mwenyewe, na ndio uliokuwa mjanja kuliko yote. Nilijiambia: mimi sikusema neno. Sikuapa. Nimeandika namba kwenye mchoro, na mchoro si ardhi. Vyumba vya ndani nimeviandika kwa kweli, kila mmoja angeweza kujumlisha. Sasa uongo uko wapi?

Jibu lake liko sokoni Madina. Mtume (SAW) alimpitia muuza chakula, akatia mkono ndani ya lile fungu, vidole vyake vikakuta unyevu. Juu pakavu, chini pamelowa. Alipoulizwa, mwenye chakula akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa anayetughushi si katika sisi. Hadithi ameipokea Muslim. Tazama, ndugu msomaji, kwamba yule muuzaji naye hakusema neno. Hakudai kuwa chakula chote ni kikavu. Kila mnunuzi angeweza kutia mkono kama Mtume alivyotia. Wala mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa mpangilio: alipanga mambo ili jicho la mnunuzi liridhike kabla ya mkono wake kufika chini. Namba yangu 4200 ilikuwa ile nafaka kavu ya juu.

Kwa hiyo swali la mwanzo lina jibu. Uongo si maneno peke yake. Uongo ni kumpangia mwenzako ushahidi ili aamini kisichokuwa. Mdomo ni mojawapo tu ya vyombo vyake. Mkono ni chombo, kalamu ni chombo, kunyamaza kunaweza kuwa chombo, na siku hizi kibodi nacho ni chombo.

Na sasa turudi kwenye fahari yangu ya mwanzo. Imepokewa katika Bukhari kwamba mtu wa Iraq alimuuliza Abdullah bin Umar (RA) hukumu ya aliyehirimia kuua nzi. Ibn Umar akastaajabu kuwa watu wa Iraq wanauliza habari ya nzi ilhali wamemuua mjukuu wa Mtume (SAW). Mimi niliogopa kuiba programu ya kampuni iliyoko Marekani, na nilifanya sawa kuogopa, lakini nikaitumia programu ya halali kumsogeza mjane mpaka wake. Uangalifu katika jambo moja unaweza kumlaza mtu usingizi katika jingine. Anayejiona ameshatimiza taqwa yake asubuhi ndiye mwepesi wa kuteleza jioni.

Aliyenyamaza

Katika kikao kile mzee mwingine alitoa rai iliyoonekana ya busara. Alisema, “Basi twendeni tumuombe bibi atupe hizo sentimita. Ni sadaka yake, na yeye ni mcha Mungu, hatakataa.” Wengi waliafiki. Mimi pia nilikaribia kuafiki, kwa kuwa ingenipunguzia aibu.

Aliyetuzuia ni imamu wetu. Alitukumbusha habari ya kiwanja cha Msikiti wa Mtume kule Madina. Kilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl, na walipotakiwa kukiuza walisema wanakitoa bure. Mtume (SAW) hakukubali kukipokea kama zawadi mpaka akakinunua kwao. Kisha imamu akatuuliza: kama yeye, ambaye mayatima wale wangempa hata nyumba yao, alilipa kabla ya kuweka jiwe la kwanza, sisi tunamuombaje mjane huku vigingi vyetu viko tayari uani mwake? Mtu akishasimama shambani mwako na jembe, hiyo tena haiitwi kuomba.

Kesho yake mwenyekiti na mimi tulikwenda kwa yule mama. Nilimuamkia, akaitikia “Marahaba mwanangu,” akatutandikia mkeka barazani. Nilimweleza yote, kwamba mpaka ulisogezwa kwenye ramani, kwamba aliyeusogeza ni mimi, na kwamba vigingi vitang'olewa leo. Nilitarajia ama hasira ama mshangao. Hakuwa na mojawapo.

Akasema: “Vile vigingi niliviona tangu asubuhi ya kwanza. Nilivihesabu. Nikasema moyoni, nikiuliza wataniambia napinga nyumba ya Mwenyezi Mungu. Nikanyamaza.”

Ndugu msomaji, nimezisikia khutba nyingi juu ya dhulma, lakini hakuna iliyonikata kama maneno hayo. Nilikuwa nimedhani kwamba kuifanyia kazi nyumba ya Allah kunaupunguza uzito wa kosa langu. Kumbe kunauongeza. Kama angekuwa ni jirani wa kawaida anayejenga duka, mama yule angesimama mlangoni na kupiga kelele, na mtaa mzima ungemsikiliza. Kwa kuwa ni msikiti, alinyamaza. Utukufu wa kazi yetu ulimziba mdomo. Kila kazi inavyokuwa tukufu ndivyo wanyonge wanavyozidi kuogopa kuihoji, na kwa hiyo ndivyo wanaoifanya wanavyopaswa kuzidi kujihoji wenyewe. Asiye na wa kumhoji na akaacha kujihoji, huyo ameshapotea hata kama mkononi ana tasbihi.

Turekebishe mstari

Usiku huo nilirudi kwenye mchoro. Niliurudisha mstari wa mpaka mahali pake, kisha nikafanya kazi niliyoikwepa. Chumba cha choo nikakipunguza kutoka 1500 hadi 1350. Ujia kutoka 1200 hadi 1100. Sehemu ya kutawadhia kutoka 1400 hadi 1300. Jumlisha mwenyewe pamoja na kuta tatu za 150: ni 4200. Nilitumia chini ya saa mbili. Hili ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Sikulazimika kudanganya. Njia ya halali ilikuwepo pale pale, ila ilidai saa mbili za mtu aliyechoka na ujasiri wa kumwambia mwenyekiti kuwa ramani itachelewa siku moja. Uongo mwingi tunaouita dharura ni wa namna hii. Si kwamba haki haiwezekani, ni kwamba haki ina kazi zaidi.

Nilikwenda pia kwa fundi, mbele ya wale wale waliokuwepo, nikamwambia kompyuta haikukosea. Alicheka, akasema alijua, kwa kuwa kompyuta ikikosea haikosei namba moja tu iliyo nzuri.

Na nilimweleza kijana wangu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba katika kazi yao huo ndio ugonjwa wenyewe, kwa sababu anayekuja baada yako huiamini namba, hapimi tena.

Kila kazi, ndugu msomaji, ina mahali ambapo mtu anaweza kuandika namba juu ya namba. Mwalimu anayejaza alama za mazoezi ambayo hakuyasahihisha, anaandika juu ya mstari. Mweka hazina anayeomba risiti tupu dukani ili aijaze nyumbani, anaandika juu ya mstari. Kamati inayosoma mapato ya harambee na kuruka matumizi, inaandika juu ya mstari. Mzazi anayepunguza umri wa mtoto kwenye fomu, naye vivyo hivyo. Wote hawa wana nia zao na kila mmoja ana hadithi ya kujitetea. Suratul Mutaffifin inaanza na ole kwa wanaopunja vipimo, wale ambao wakipokea wanataka kamili na wakitoa wanapunguza. Tumezoea kuisoma tukiwafikiria wauza mchele na mizani zao. Mizani siku hizi ni nyingi, na nyingine hazina mawe wala ndoana, zina kibodi na printa.

Dawa yake naiona katika ule usia niliouandika daftarini. Namba isipokufaa, rekebisha mstari. Kama matokeo ya wanafunzi ni mabaya, fundisha zaidi. Kama hesabu haifungi, tafuta fedha ilikokwenda. Kama kiwanja ni kidogo, jenga kidogo. Na kama umeshaandika juu, futa, maana kilicho chini hakijaondoka.

Vyoo vilikamilika siku chache kabla ya Ramadhani. Mpaka leo akina mama wanalalamika kwamba ujia ni mwembamba, kwamba wakikutana wawili wenye ndoo inabidi mmoja ampishe mwenzake kwa ubavu. Malalamiko hayo huletwa kwangu, kwa kuwa ndiye mchoraji, na nayapokea. Yule mama jirani naye hutawadha humo, na michongoma ya mumewe bado imesimama ilipokuwa.

Tumuombe Allah (SW) atujaalie tuwe waaminifu katika vidogo kabla ya vikubwa, na atulinde na dhulma inayovaa kanzu. Wabillahi tawfiq.